Mwalimu Getruda na Magogo ya Konstantino

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Biolojia, Mwalimu Getruda Waitara anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Hapa shuleni kwetu, jirani na Genkuru, wakuu wa shule wamekuja na kuondoka. Yeye na chaki yake walibaki.

Somo alilolipenda kupita yote ni kuona. Jicho, alisema, ni dirisha tu. Anayeona yumo kisogoni. Huko nyuma ya ubongo zimo seli, na kila seli ina mstari wake: moja huamka ikiletewa mstari uliosimama, nyingine uliolala, nyingine ulioinama. Zikishirikiana ndipo unajua hiki ni kikombe, yule ni ng'ombe. Ila ukikodolea mwinamo uleule muda mrefu, seli zake huchoka, na kilichopinda kikaanza kuonekana kimenyooka. Sisi walimu wenzake tulisinzia.

Mwaka 1994 dhahabu ikatupanda vichwani. Wavulana wote wa kidato cha nne wakahamia kwenye shimo la Bwana Konstantino. Mkuu wa wakati ule, aliyekuwa na hisa yake humohumo, akatutangazia kwamba wamekwenda mafunzo kwa vitendo. Lo! Vitendo vya nani?

Mwalimu Getruda akajifunga kanga, akawafuata. Akakuta magogo yanayoshikilia kuta za shimo yamelala upande. Konstantino akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba yamenyooka. Wavulana, walioshinda humo chini wakitazama mteremko, wakaapa vilevile. Mwalimu akafunga jiwe kwenye uzi, akauning'iniza kando ya gogo. Uzi ukashuka wima, gogo likaenda zake. Konstantino akasema uzi ndio mbovu.

Mwalimu alisimama mdomoni mwa shimo, akaita mahudhurio. Kila aliyeitwa alipanda, maana fimbo yake waliijua kuliko walivyoijua dhahabu. Mmoja wao, Waisiko, alipanda wa mwisho, amenuna. Jioni ile shimo likaporomoka lote.

Konstantino alidai mwanamke ameleta nuksi. Mkuu wetu akaugua wiki nzima. Tuliambiwa ni malaria.

Wavulana wale sasa ni baba za watu, na kila wakikutana naye sokoni, baada ya shikamoo, humlaumu kwamba aliwanyima utajiri. Waisiko ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Asante sana, Mwalimu wetu. Nenda Kenyamonta ukapumzike, ulezi wako ustawi, na Mungu akujalie miaka mingi ya kuwasikia wakilalamika, wote, asikosekane hata mmoja.