Aliyelinda Bonde Miaka Thelathini na Mmoja

Waombolezaji wenzetu, familia imemwomba mdogo wa pekee wa marehemu awasomee maisha ya kaka yake, naye amekubali kwa kuwa hakuna ndugu yao mwingine aliyebaki, ingawa hana uso wa kusimama mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya mwisho kabla ya geti la hifadhi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari 1975, na tarehe 1 Julai 1978 akaajiriwa kuwa askari wa hifadhi ya bonde letu, ambako wageni walimbatiza Mzee Taratibu, maana hakuchoka kuwaambia wapite taratibu wasikanyage miche.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu, na wiki mbili tu baada ya harusi alimkuta mama mkwe wake bondeni na mzigo wa kuni, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akazichukua kuni kwa kuwa zilikatwa hifadhini, kisa ambacho mama huyo alikisimulia akicheka hadi mwisho wa uhai wake.

Karatasi waliyoiandaa watoto inasema kwamba tarehe 30 Novemba 2009 alistaafu mapema kwa sababu za kiafya, na hapo msomaji anaomba radhi, hawezi kuisoma hivyo. Alifukuzwa. Tarehe 9 Septemba mwaka huo mdogo wake aliingia bondeni kurina asali kwa wizi, nyuki wakamzidi, akakimbia akiuacha mwenge kwenye nyasi kavu, na moto ukala mteremko mzima wa mashariki kwa siku tatu, pamoja na miti ambayo marehemu aliipanda kwa mikono yake. Marehemu aliiona ndoo ya asali, akaitambua, akaificha, akaandika kwenye ripoti ya zamu kwamba alikuwa akichoma nyasi za njia ya kuzuia moto, akazembea. Alimwambia mdogo wake mara moja tu kwamba mwenye watoto wadogo hafai kufungwa, na yasizungumzwe tena. Mdogo wake akanyamaza, kila siku akijiambia kesho, askari wenzake marehemu wakaanza kumwita Kiberiti, na siku moja kwenye harusi ya jirani mdogo wake akacheka pamoja nao.

Marehemu alianza kuugua mapafu Februari 2023, akalazwa mara tatu, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mdogo wake akiwa kando ya kitanda, bado akijiambia kesho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliopika na kuchota maji, na ninyi askari wa hifadhi mliokuja bila sare, mkidhani mnamzika mtu aliyewaaibisha, kumbe aliyewaaibisha ni mimi ninayesoma, na tukitoka makaburini nitafuatana nanyi hadi ofisini. Kaka, karatasi inaishia kwenye pumzika kwa amani, nami nakusomea maneno hayo nikiona haya.