Tangi la Mzee Chujio na Safari ya Ziwani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka marehemu aliyenichosha. Mtanisamehe. Najua katika kipindi hiki tumezoea kusema marehemu alikuwa mpole, mcheshi, kipenzi cha wote. Huyu alikuwa fundi wa magari ya zamani, tulimwita Mzee Chujio, na alikuwa anaudhi. Nilimpenda, lakini alikuwa anaudhi.

Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Sabini na minne, wasikilizaji. Hamsini kati ya hiyo alisafisha matangi na pampu za mafuta za magari ambayo wengine wetu tungeyauza kama vyuma chakavu.

Jina la Chujio lilitokana na kitambaa. Akishasafisha tangi, alimimina petroli safi ndani, akaitoa, akaichuja kwenye kitambaa cheupe. Akiona punje moja ya kutu, anaanza upya. Punje moja. Gari la marehemu baba yangu lilikaa kwake wiki tisa. Kila nikienda kuuliza, ananikunjulia kile kitambaa mbele ya pua. "Uchafu huu utauendesha wewe?" Nami narudi nyumbani kwa miguu.

Basi, ya kwangu tuyaache. Ninachotaka msikie ni habari ya mkewe.

Mkewe ni nesi mstaafu. Mwaka juzi daktari wa macho alimwambia kwamba kufikia mwisho wa mwaka huenda asione tena. Mama hakulia. Alirudi nyumbani akamwomba mumewe jambo moja: alione ziwa alikozaliwa, mara moja, kabla macho hayajazimika. Na apelekwe na gari lao, lile walilopanda siku ya harusi, ambalo lilikuwa limesimama juu ya mawe uani kwa miaka kumi na miwili.

Ziwani ni mwendo wa saa tano. Na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu, ushikeni.

Mimi nilimshauri afunge dumu la petroli karibu na injini, gari livute mafuta humo, waende na kurudi. Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Mke wangu simwendeshi kwa dumu," akasema.

Akashusha tangi. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama lami. Akalisuuza kwa maji ya sabuni, akatia siki na nati arobaini za kukwangua kutu, akalifunga ndani ya godoro kuukuu, akaanza kulibiringisha kuzunguka ua. Majirani tulisukuma kwa zamu, migongo ikituuma. Kisha akatoa nati, akahesabu. Thelathini na tisa.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu alitafuta nati moja kwa siku kumi na moja. Alilipindua tangi, akalitikisa, akaingiza waya wenye sumaku, akatega sikio. Pampu hataki kuigusa mpaka nati ipatikane. Siku ya kumi na mbili mkewe alikuwa anafua, akaikuta kwenye mfuko wa suruali ya mumewe. Haikuwahi kuingia tangini. "Nilikaa chini palepale," mama aliniambia. "Ningesimama ningempiga nayo."

Ikaja zamu ya pampu. Ule mpira wa ndani unaovuta mafuta ulikuwa umepasuka. Akatafuta mpya, akaukataa, eti mgumu. Akapata wa pili, akaukataa. Wa tatu akaufunga, akawasha injini, akasikiliza, akaufungua tena. Mwezi wa tisa ukapita. Wa kumi ukapita.

Binti yao, ambaye ni mshonaji, akaja kumkabili nikiwa hapohapo.

"Baba, jana mama amemimina chai nje ya kikombe. Unasubiri nini?"

"Likizima njiani," akajibu, "atakaa kando ya barabara na mimi mpaka macho yaishe, hajaona kitu. Nitamwambia nini?"

Nilikuwa nimekuja kumgombeza. Nikamshikia spana.

Gari likawa tayari mwezi wa kumi na mbili. Kitambaa kilitoka cheupe pepe. Wakaondoka asubuhi. Saa tano kwenda, saa tano kurudi, halikukohoa hata mara moja. Na mama hakuona ziwa. Macho yalikuwa yamezimika wiki moja kabla, na alimficha mumewe mpaka walipofika. Miezi tisa, wasikilizaji. Tangi moja, pampu moja, miezi tisa. Nina hasira mpaka leo na sioni haya kusema.

Kwa mama yetu, kwa binti, na kwa wote mliokuwa na magari yenu pale uani, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu anakusubiri umpeleke mahali, jiulize leo hii unasubiri nini. Mpeleke angali anakusubiri.

Kabla ya kuja hapa nilimuuliza mama kama amemsamehe.

"Tulipofika nilimwambia sioni, anieleze yeye," akasema. "Akazima gari. Halafu akaniambia maji ni ya buluu, jua linameremeta juu yake, na mashua mbili nyeupe zinapita. Mwanangu, mvua ilikuwa inapiga bati la gari mpaka tunapaza sauti ndipo tusikilizane. Maisha yake yote, hiyo ndiyo kazi pekee aliyoilipua. Nikamwambia aendelee."