Nilipoandika "Hakuna"

Mheshimiwa Diwani, Padri wetu, wazee wangu mliostaafu jeshi, na wewe mama Evelina uliyeketi hapo mbele: wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Mimi ni Modesta, mwenye steshenari pale stendi. Nimeombwa nifungue dawati hili la kuwaandikia wastaafu wa jeshi wasifu wa kazi bila malipo, na tangu asubuhi naulizwa, "Modesta, si unajizibia riziki mwenyewe?" Najizibia, ndiyo. Sababu ninayo.

Mwaka juzi Sajini Clemence wa Rangwi, marehemu mume wa mama Evelina, aliingia dukani kwangu. Shamba moja la maziwa kule Kwai lilitafuta fundi wa magari. Alisimama wima, kofia mkononi, utadhani mimi ndiye kamanda wake. Foleni ilikuwa ndefu, nami nina haraka zangu. Nikamuuliza, "Uzoefu, mzee? Una cheti?" Akajibu, "Cheti sina, binti yangu. Nilikuwa askari tu." Basi nikaandika: Uzoefu, hakuna. Akalipa, akanishukuru, akaenda. Kwai hawakumwita.

Siku tuliyomzika, mwenzake wa kikosini, Mzee Kassimu, alipanda kutoka Muheza. Akatusomea pale kaburini historia yake ya jeshini: miaka kumi na tisa, fundi mkuu wa magari ya kikosi, na vijana aliowafundisha hawahesabiki. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Mama Evelina akaniambia kwa upole, "Wasifu ule hakuusoma. Alisema, mwenye kompyuta ndiye anayejua."

Sasa mnauliza, askari mstaafu alipie kuandikiwa wasifu? Mwenye nacho na alipe, simzuii. Lakini Clemence si alilipa? Alipata nini? Jeshini walimfundisha kutii, hawakumfundisha kujisifu. Mtu wa namna hiyo anahitaji wa kumpa kiti na kumuuliza, "Mzee, ukiamka asubuhi kule kambini ulikuwa unafanya nini?" Kisha anyamaze, amsikilize.

Mama Evelina, jana nimeuandika wasifu wake upya. Kurasa mbili, zimejaa. Najua hautampeleka Kwai tena. Naomba uupokee, na unisamehe.

Nanyi wazee wangu, mkija mezani hapa, lile neno "tu" liacheni mlangoni. Nawashukuru kwa kunipa masikio, ambayo mimi sikumpa Clemence.