Nani Akae Juu Kwenye Simu

Benchi la kijiwe kile lilitengenezwa na ndugu watatu maseremala wa karakana ya jirani. Linabeba watu wanne wakibanana, watano wakipendana. Asubuhi ile walikaa wanne, na mapenzi hayakuwepo. Upande mmoja alikaa Hakimu, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Ubavuni mwake Spana, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Mwisho kabisa alikaa Pikseli, kijana anayetengeneza kurasa za mtandao, amepakata kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Kati yake na Spana alibanwa Bawaba, wa pili katika wale ndugu watatu, kahawa imepoa mkononi. Walimwita Bawaba kwa sababu tangu baba yao afariki, ndiye aliyewashikanisha kaka yake mkubwa na mdogo wao. Leo skrubu zilikuwa zinalegea.

— Hebu soma tena, alisema Hakimu. Shauri halisikilizwi nusu nusu.

Bawaba akaisoma simu yake kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya jeneza.

— Kaka mkubwa anasema: “Ikifika saa sita bado niko chini ya mtoto, nabeba msumeno na randa yangu, naondoka.” Mdogo anasema: “Nikiondolewa nilipo, naondoka na wateja wangu.”

— Kisa picha? akauliza Spana.

— Kisa picha. Tumefungua ukurasa wa karakana. Picha tatu, ya kila mmoja wetu. Kwenye kompyuta tumekaa bega kwa bega. Kaka akafungua kwenye simu, akajikuta chini kabisa. Mdogo yuko juu, mimi katikati.

— Wewe popote ni katikati, alisema Hakimu. Endelea.

Pikseli akakohoa kisomi.

— Ukurasa hauna kosa hata moja. Nimetumia fremuweki ya gridi. Ni kiunzi kilichokwisha kutengenezwa, mimi napanga tu. Kinagawa upana wa skrini safu kumi na mbili. Kila ndugu nimempa safu nne. Nne, nne, nne. Haki gani tena mnataka?

— Haki ipo, karakana ndiyo inavunjika, alisema Bawaba.

— Sikiliza, kaka. Upana wa safu hauhesabiwi kwa kipimo kimoja kwa wote. Skrini ikitanuka, zinatanuka. Ikibana, zinabana. Ikibana sana, kama kwenye simu, kila picha nimeiambia ichukue safu zote kumi na mbili. Basi zinapangana, moja chini ya nyingine. Aliyeandikwa kwanza anakaa juu.

— Na aliyeandikwa kwanza ni nani?

— Wa kushoto.

— Nani alisema mdogo akae kushoto? aliuliza Hakimu, akiwa tayari na hukumu.

Pikseli akamtazama Bawaba. Wengine wakafuata macho yake.

Bawaba akameza kahawa baridi. Ni yeye. Alisimama nyuma ya kiti cha Pikseli, akaamuru kaka mkubwa awekwe kulia, upande wa heshima. Alitaka kumpandisha. Simu ikamtupa huko chini, mteja anamfikia kidole kimeshachoka.

— Kulia kwa nani? Hakimu akadakia. Kwa anayetazama au kwa anayetazamwa?

— Nenda kanyoe watu.

— Mimi nina dawa, alisema Spana. Simu ilazwe! Ukiilaza inakuwa pana, ndugu wanarudi kukaa sambamba.

— Kwa hiyo kila mteja anayetaka kitanda tumwambie kwanza alaze simu?

— Akitaka kitanda, kulala si tatizo.

Bawaba alimtazama kama anavyotazama ubao ulioliwa na mchwa. Hata hivyo Pikseli akageuza simu yake. Picha tatu zikasimama sambamba, ndogo kama mbegu za papai.

— Kaka yako amebaki masharubu tu, alisema Hakimu. Sasa hukumu yangu hii hapa. Zamu! Leo mkubwa juu, kesho wewe, keshokutwa mdogo. Ukurasa ujigeuze wenyewe.

— Na mteja mkubwa akija siku ya zamu ya mdogo?

— Siku hiyo mtandao uzimwe.

— Wa karakana?

— Wa mji mzima. Haki haibagui.

Spana akainuka kidogo, wazo limempanda kichwani.

— Hapana! Wapangeni wote pale pale, mmoja juu ya mwenzake, picha ziwe angavu kama nailoni. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Sura moja.

— Sura moja yenye pua tatu, alisema Bawaba. Watadhani tunauza vinyago.

Akamgeukia Pikseli, kwa dharau ileile aliyokuwa akiigawa benchi zima.

— Na wewe msomi, na gridi yako inayojinyumbua. Inajinyumbua kwenda wapi? Imeninyumbulia ukoo.

— Kaka, naweza kugeuza mpangilio kwenye simu tu. Neno moja naongeza, mkubwa anakuja juu. Dakika haifiki.

— Na mdogo?

— Anakwenda chini.

— Halafu?

— Halafu hiyo si gridi tena. Hiyo ni familia.

Hapo ndipo aliposimama mbele yao mama mmoja, miwani puani, mkoba wa vitabu begani, simu mkononi.

— Samahani, wanangu. Mimi ni mwalimu mkuu, natafuta karakana hii. Nataka madawati ya shule nzima.

Kwenye kioo cha simu yake, mdogo wao alikuwa akichekelea juu kabisa. Bawaba akasimama haraka, akamwaga kahawa.

— Karibu sana, mama. Ni hapo tu nyuma.

— Hawa watatu ni ndugu?

— Baba mmoja, mama mmoja.

— Na wote wanafanya kazi hapo?

— Chini ya bati moja, mama.

Mwalimu akapandisha kidole, akateremsha, akapandisha tena. Akamwona wa kwanza, akampoteza. Akamwona wa pili, akampoteza. Akafika kwa kaka mkubwa.

— Sasa kwa nini hawakupiga picha moja?

Spana akaanza kusugua grisi kwenye kiganja. Hakimu, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, alitega sikio kabla ya kuhukumu. Pikseli alifungua kompyuta, akaifunga. Hata yeye aliona kwamba picha moja ingetanuka, ingebana, na kamwe isingepanguka.

Bawaba alijua jibu. Picha zile alizipiga yeye mwenyewe, kila moja siku yake, kwa sababu mmoja akiingia, mwingine hutoka. Chini ya bati hilo moja kuna ukuta wa mbao katikati, na salamu hupitia kwake.

— Tutapiga, mama, alisema hatimaye. Leo hii.

Simu yake ikaita. Jina la kaka mkubwa likajaa kioo chote, upana wote. Kabla Bawaba hajabonyeza, likaingia la mdogo wake, likakaa juu.