Fundi Masikio na Filimbi ya Boila

Tarehe thelathini ya mwezi huu fundi boila wetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Jina lake halisi wengi hamlijui; mkilisikia likiitwa jukwaani mtageuka kuuliza ni nani huyo. Sisi wa chumba cha kufulia tunamwita Masikio. Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, na maneno ya koridoni yamekuwa mengi. Amenituma niseme kweli. Kama mlitaka asali tupu, mngempa kalamu mtu mwingine.

Boila iko nyuma ya ukuta wetu. Mvuke wake ndio unaofua shuka za wagonjwa na kuchemsha visu vya upasuaji. Ukiegemea ukuta ule, joto linakushika mgongoni kama umebeba mtoto mwenye homa. Nimeuegemea tangu nikiwa na meno yote, na sijaacha kuuogopa hata siku moja. Boila ni pipa la chuma, chini moto, juu maji. Maji yakipungua mno chuma kinawaka, na chuma kilichowaka ukikiingizia maji ya baridi, ukuta mzima unakuja kukusalimia usoni. Ndiyo maana wakaweka filimbi. Maji yakishuka chini ya alama inalia yenyewe, sauti nyembamba kama ya mbu.

Hofu yetu tulimkabidhi Masikio. Angepita na chai yake mkononi, asimame, aseme, "Mashine ya pembeni beringi inalia, ifungueni." Tukifungua, kweli. Hata matroni, Masikio alimtambua kwa mlio wa kisigino cha kiatu chake, tangu akiwa ngazi za juu. Masikio akikohoa mara mbili ukutani, sisi vikombe chini ya meza na nyuso za uchamungu. Matroni, utusamehe. Ulikuwa na visigino vizuri.

Nyumbani kwake kazi yake ilikuwa spika za zamani. Alizipata mbili kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa, ndefu kumfika kifuani, panya wamezalia ndani. Mkewe alitaka kuni. Yeye alizikalisha sebuleni kama wakwe. Akagundisha upya mbao zilizoachana, akabadilisha sponji za ukingoni zilizokuwa zikimeguka kama mkate mkavu, akatoa kapasita zilizozeeka na kulehemu mpya. Huyo mkewe, wifi yetu, alilalamika kuwa nyumba inanuka gundi na kulehemu, lakini zilipolia mara ya kwanza aliacha sufuria jikoni akaja kucheza. Mboga iliungua. Walikula hivyo hivyo.

Mambo yangeishia hapo tungecheka tu. Lakini baada ya miaka kadhaa Masikio akaanza kusema vile vispika vidogo vya juu, vinavyotoa sauti nyembamba, vimelala. Kila spika ina kirizista cha kuvitia adabu hivyo vidogo visipige kelele kuliko wakubwa. Akakitoa. Akasema bado. Akaongeza kispika kingine juu. Akasema sasa ndiyo muziki.

Jumapili moja mchana alituita tukasikilize: wafuaji, mpishi, na mhandisi wetu kijana. Jamani! Sauti ilitoka pale kama sindano. Paka alipitia dirishani. Mpishi alitabasamu huku jicho moja limefumba. Wifi, nikamwona, ana pamba masikioni, amezifunika kwa kilemba. Na sote tukasema, "Inalia vizuri sana, fundi." Nani angemsahihisha Masikio habari za sauti? Ndilo kosa letu, heshima ikatuziba midomo.

Mimi nikasema, "Kaka, hiyo kitu inatoboa."

Akacheka. "Bibi, mashine zimekuharibu." Ananiita Bibi, na tumepishana mwaka mmoja tu.

"Hizo njuga za mwanzo wa wimbo ndizo zinazotoboa. Zipunguze."

"Njuga gani?"

Akairudisha sindano ya santuri mwanzo. Njuga zikalia, karibu kioo kipasuke. Akainamisha kichwa, akangoja, akatutazama mmoja mmoja. "Njuga gani?" Sikuziwaza njuga wala spika. Niliiwaza filimbi.

Kesho yake niliwahi kazini, nimepanga maneno ya kumweleza kwa upole, na upole mnajua si fani yangu. Sikupata nafasi ya kuyasema. Nilipofungua mlango wa boila filimbi ilikuwa inalia.

Yeye amenipa mgongo, anapangusa bomba, anaimba taratibu. Kioo cha kuonyeshea maji kilikuwa na kutu kwa ndani, mstari wa kutu ukadanganya kuwa ni maji. Yeye siku zote alikiamini kidogo, akaamini sikio zaidi. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye koki ya maji, aongeze kidogo kama kila asubuhi. Nikapiga ukelele ambao sijapiga hata nikizaa. "Filimbi! Inalia!"

Aligeuka akanitazama mdomo. Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye sifa yake. Mtu mnayemwita Masikio miaka yote, akiambiwa kuna sauti asiyoisikia, angebisha. Angesema Bibi, umeota. Yeye hakubisha hata neno moja. Mkono uliacha koki ukakata moto. "Toa watu," akasema. Nikawatoa, wengine na povu mikononi. Yeye akatoka wa mwisho, akafunga mlango.

Tulisimama uani tukitazama ukuta. Ndani ya jengo kulikuwa na wagonjwa wodi nzima juu ya chumba chetu, na wauguzi wanawahamisha mbio. Masikio alinishika mkono kama mtoto, akawa ananiuliza kila mara, "Bado inalia?" Namwambia bado. "Bado?" Bado. Mpaka mvuke ukaisha, ikanyamaza, chuma kikapoa, na hapakuumia mtu hata kidole. Nilimwambia, "Imenyamaza." Ndipo akalia.

Siku ile ile alikwenda mwenyewe kwa mhandisi, akaweka funguo mezani, akamweleza yote. Angeweza kungoja miaka yake miwili, nasi tungemfichia. Tunapenda watu kijinga hivyo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La huyu lilikufa nusu, lakini dawa limeisikia. Kabla ya kuondoka amehakikisha kioo kimebadilishwa, na kando ya filimbi imewekwa taa nyekundu. Fundi mpya ni hodari. Hata hivyo mimi kila asubuhi nasimama mlangoni kwanza, nasikiliza, ndipo naingia. Siwadanganyi, nitaogopa mpaka zamu yangu ya mwisho.

Spika nazo zimepona. Jumapili iliyopita alikitoa kile kispika cha kuongeza, akarudisha kirizista, wifi na mimi tumekaa kwenye kochi tukiwa masikio yake. Njuga zikizidi tunashusha mkono, zikipungua tunapandisha. Alikuwa hatazami spika, anatazama nyuso zetu. Wifi alipotoa pamba na kufumba macho, akazima chuma cha kulehemu.

Kaka, asante kwa miaka yote uliyotusikilizia sisi. Asante zaidi kwa asubuhi moja uliyokubali kusikiliziwa. Nenda ukapumzike, maisha yako yawe mema na marefu, mboga zisiungue tena. Na popote ukiwa na shaka kama kuna kitu kinalia, usione haya, tuite. Tutakuja kukusikilizia.