Gustave Kahongya na filme yake ya tatu

Padri wetu, wazee wa familia, na ninyi majirani wa Beni na Butembo mliokuja kutusindikiza: anayesoma ni mimi Rébecca, mtoto wa kwanza wa marehemu. Baba mdogo Hénock ameniomba nisome polepole na nisilie. Polepole nitaweza.

Marehemu Gustave Kahongya alizaliwa Kayna tarehe 14 Aprili 1967, mtoto wa tatu wa Lusenge, mulimaji, na wa Anne-Marie. Shule ya msingi aliisoma palepale Kayna, kisha akaletwa Butembo kusoma umeme. Alipofika mwaka wa tano baba yake alifariki, akarudi shambani. Hakuwa mulimaji. Bibi Anne-Marie alisema maharagwe yake yalijiotea yenyewe, bila yeye kujua.

Mwaka 1994 alifungua salle ya video, chumba cha kuonyeshea filme, karibu na soko hapa Butembo: télévision moja, groupe moja ya kutoa umeme, mikro moja ya kusemea. Filme zilikuwa za lugha za mbali, basi alikaa kando ya télévision akizisema zote kwa Swahili, wanaume, wanawake, watoto. Mashini zenye kutembea kama watu alizisemea ndani ya kopo la maziwa. Wengi wenu mulimusikia.

Na wengi mnakumbuka sheria yake ya mlangoni. Filme ikiwa na sehemu ya pili ao ya tatu, aliiangalia kwanza asubuhi, peke yake, halafu akasimama mlangoni. Watu waliuliza neno moja tu: "Inafikia?" Yaani, inafikia zile zilizotangulia? Yeye akajibu inafikia, ao haifikii, na kila mtu akachagua kuingia ao kurudi. Alisema watu wameacha kazi zao kuja kukaa kwa mbao zake, hapana haki ya kuwadanganya. Jumatatu moja ya Pasaka mlango ulijaa watu waliotoka misa, akawaambia haifikii, wakarudi wote. Mama alikuwa amekaanga beignets, maandazi ya kuuzia watu hao wote. Tulikula beignets mpaka Alhamisi, na mama hakumusemesha papa mpaka zilipokwisha.

Mama huyo ni Tamar Kavuo, ambaye marehemu alifunga naye ndoa hapa Butembo tarehe 8 Agosti 1998. Ni yeye aliyechoka na filme za wengine. Siku moja, katikati ya salle, alisema: "Batu ba kesho bote ni bazungu. Sisi hatutafika kesho?"

Papa hakulala vizuri juu ya neno hilo. Mwaka 2009 walitoa filme yao wenyewe, Kapitene wa Kesho. Mwanamke askari anatoka mwaka 2090, anakuja Butembo kuzuia mashini zinazokula mashamba ya watu. Mama alikuwa Kapitene. Alivaa casque, kofia ngumu ya pikipiki iliyopakwa rangi, na kifuani manjanja, bati la paa letu la zamani. Ilionyeshwa hapa, Beni, mpaka Kanyabayonga. Mwaka 2014 ikaja sehemu ya pili, na hapo mashini zilileta ugonjwa. Papa alishona kwa mikono yake nguo nyeupe za watu wa kuzika, zinazofunika kichwa mpaka miguu. Siku ya kuionyesha mama ndiye alisimama mlangoni. Watu wakamuuliza kama inafikia, akajibu kwamba inapita. Na ni kweli, ilipita.

Mwaka 2019 mama alikwenda Beni kumuangalia dada yake, akarudi na homa. Ilikuwa Ebola. Alifariki tarehe 3 Juni. Waliomuzika walivaa nyeupe toka kichwa mpaka miguu, na papa alisimamishwa mbali, nyuma ya kamba. Hakulia. Alisema tu: "Zile nguo ni mimi nilizishona." Watu walifikiri akili imemuruka. Mimi nilijua anasema zile za filme.

Mwaka 2021 alianza sehemu ya tatu. Kapitene alipaswa kurudi. Papa alikusanya vipande vya picha za mama vilivyobaki, na palipokosekana mama alinivalisha mimi ile casque. Ilikuwa inanizidi, ikageuka kila nilipokimbia. Vita vilifunga barabara ya Kanyabayonga, basi jeshi lote la mashini likapigwa picha ndani ya uwanja wa baba mdogo Hénock, mtaa wa Beu, kule Beni, kati ya kuku na nguo zilizoanikwa. Figo za papa zilikuwa zimeanza kumuuma tangu 2023. Sauti zote alizisema yeye, hata ya mama. Aliimaliza Oktoba mwaka huu wa 2025.

Jumapili tarehe 9 Novemba, akiwa amelala kwa baba mdogo, alinionyesha. Tulikuwa wawili. Ilipokwisha akauliza: "Rébecca, inafikia?"

Nilikuwa mtoto wake. Alinilea kwa mlango ule. Nilifikiri nikimudanganya ninamutukana. Nikasema: "Hapana, papa. Haifikii."

Akasema: "Nilikuwa najua. Lakini leo nilikuwa nataka unidanganye."

Akageukia ukuta. Hakuzungumza tena juu ya filme, wala juu ya mama. Chakula alikataa, dawa alizinywa ili tu tusisumbuke. Jumatano tarehe 19 Novemba, saa tatu ya asubuhi, akafariki. Watu wananiambia ni figo. Najua ni figo. Haijanisaidia kitu.

Marehemu ameacha watoto watatu, mimi Rébecca, Kitsa na Gracieuse; wajukuu wanne; ndugu yake Hénock; mama yake Anne-Marie, ambaye yuko Kayna na hakuweza kupita barabara kuja kumuzika mwanawe; na filme tatu.

Ya tatu itaonyeshwa leo saa kumi, katika salle yake, kwa wote watakaokaa nasi matanga. Nitasimama mlangoni. Mutaniuliza, najua mutaniuliza, na wale watakaoingia wataona wenyewe, na watatoka wakinitazama. Itazameni mpaka mwisho hata hivyo.

Papa, mlango wako umefunguka na watu wamejaa. Inafikia. Inafikia, papa. Lala sasa, Mungu akupokee na amani yake.