Karatasi Tatu za Mashine ya Kuranda

Benchi letu liko mbele ya duka la vipuri. Mguu wake mmoja ni mfupi, na upande huo nakaa mimi, kwa kuwa ndimi mwenye uzito wa kulituliza. Katikati hukaa Kapteni, ambaye meli amezipanda kwenye kalenda tu. Mwisho ni Wakili, aliyefika mahakamani mara moja, kama shahidi, akasahau alichokiona. Asubuhi hiyo akaja Fundi seremala, uso umemshuka. Mashine ya kuranda aliyotumiwa na shemeji yake wa ng'ambo imeshafika bandarini, na wakala wa meli kagoma kuitoa. Mkononi ana hati ya shehena, kaivisha plastiki, inang'aa kama kitambulisho cha waziri.

— Wamesema hii hawaipokei.

— Wivu huo, Kapteni akasema. Hawajazoea karatasi safi.

Wakili akadai plastiki inazuia sheria isipenye. Kapteni akapanda juu zaidi: meli ikizama hati ya plastiki inaelea, ndiyo maana watu wa bima wanaichukia. Mimi nikawaeleza nilivyowahi kutoa tingatinga bandarini kwa karatasi ya sigara. Hawakuniuliza lini.

— Jamani, shule inataka madawati mia mbili, Fundi akasema. Nirande kwa mkono?

Pembeni alisimama dada mmoja mgeni, anangoja kahawa yake. Hufanya usafi katika ofisi ya wakala huyohuyo.

— Lazima usaini nyuma, kaka, na kwenye plastiki kalamu haishiki. Lakini hati hizi huja tatu, na moja inatosha. Nyingine mbili ziko wapi?

Fundi akatugeukia. Jumanne iliyopita, bahasha ya shemeji ilipofikia hapa benchini kwetu, Kapteni aliona zote tatu zimeandikwa ni halisi, akaamua kitu hakiwezi kuwa halisi mara tatu, basi mbili ni za uongo. Tukakubali. Plastiki lilikuwa wazo langu, na kwa karatasi nyingine ni wazo zuri tu. Ya pili muuza kahawa aliwashia jiko.

Kapteni akachungulia kikombe. Wakili akatazama barabara. Fundi, seremala yule, akautazama mguu mfupi wa benchi, ambao tangu Jumanne ulikuwa hauyumbi.

— Simameni.

Tukasimama. Akaichomoa karatasi ya tatu, akaikunjua gotini, mhuri bado unasomeka. Akaondoka na yule dada bila kutuaga.

— Hata hiyo ni ya uongo, Kapteni akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Tukakaa. Benchi likainama upande wangu, na kahawa yote ikanimwagikia mapajani.